Kabla ya kuwasha, pima: kwa anayeanza umeme wa majumbani VETA

Wiki za mwanzo za kozi ya umeme wa majumbani huwachosha wanafunzi wengi: kuchuna waya, kukata paipu, kukaza skrubu. Akili iko kwenye mota na kontakta za karakana ya jirani. Tunakuomba usizipitie mbiombio, maana ufundi wenyewe uko hapo.

Chuna milimita 8 hadi 10 za ncha ya waya, basi. Ukizidisha, shaba inabaki wazi nje ya tamino, yaani tundu lenye skrubu linaloshika waya. Ukipunguza, skrubu inabana plastiki badala ya shaba. Taa itawaka, mwalimu atapita, na kosa litalala ukutani. Lakini mguso ni hafifu, kwa hiyo una ukinzani. Mkondo ukipita panapata joto, joto linalegeza skrubu, na baada ya miezi soketi inageuka rangi ya kahawia upande mmoja. Kila ukikaza, vuta waya kwa vidole. Angalia pia kama kisu kimekwaruza shaba, kwani waya mgumu wenye jeraha huvunjika unapoukunja kuurudisha ndani ya boksi.

Saizi za waya, kwa milimita za mraba, utaambiwa ukariri: 1.5 kwa taa na breka ya ampia 6 au 10, 2.5 kwa soketi na breka ya 16 au 20, kama waya unaishia soketi ya mwisho bila kurudi kwenye breka. Kariri, lakini piga na hesabu. Birika la wati 2,000 gawa kwa volti 230, unapata ampia 8.7. Ongeza hita ya wati 3,000, yaani ampia 13: jumla karibu 22. Breka ya 20 ikikata baada ya muda, imefanya kazi yake. Fundi anayeibadilisha kwa ya 32 na kuacha waya uleule ameuondolea ulinzi, kwa sababu breka iko pale kuulinda waya.

Kosa linalotuumiza zaidi ni swichi kuwekwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha mkondo) badala ya laivu (waya wa moto). Taa inazima vizuri kabisa, mwenye nyumba anapanda kiti kubadilisha balbu akiamini pako salama, kumbe holda bado ina volti 230. Dalili moja ni balbu ya LED kubaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa, ingawa zipo sababu nyingine za mwanga huo. Pima swichi ikiwa imezimwa: kati ya laivu ya holda na ardhi pasiwe na kitu.

Usitegemee testa ya bisibisi pekee. Taa yake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao, inaweza isionekane hata kwenye waya wa moto. Tumia multimita kwa hatua tatu: ijaribu mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kugusa, kisha rudi uijaribu tena pale pa kwanza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayokuambia kama kifaa kilikufa katikati ya kazi.

Kazi mpya ipimwe insulesheni, yaani plastiki inayofunika waya, kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500. Zima meni swichi, toa balbu, chomoa vifaa vyote, washa swichi zote za taa, halafu pima laivu na ardhi, nyutro na ardhi, laivu na nyutro. Chini ya megaomu 1, tafuta kosa kwanza. Multimita ya kawaida haitoshi hapa; volti zake chache haziamshi udhaifu wa plastiki.

Ukienda mafunzo ya vitendo kazini, utakutana na nyumba za zamani. Laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi, tofauti na kahawia na bluu unazozoea karakanani. Kwenye fezi tatu za zamani, bluu ni fezi, yaani waya wa moto. Pima kabla hujaigusa.