Piki gani kwa gitaa kavu la kwaya?
Mdogo wangu, umesema unapigia kwaya hapo Chang'ombe, Dodoma, kwa gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, na piki zako, vile vipande vya kupigia nyuzi, zinapasuka kila mara. Hizo laini zenye rangi ya marumaru kwa kawaida ni seluloidi, aina ya plastiki. Mguso wake mtamu kweli na sauti ni angavu, ila ncha huliwa upesi. Tafuta ya nailoni, au Tortex, aina ya piki ya kampuni ya Dunlop: uso wake ni kama umepakwa unga, hauponyoki hata vidole vikiloa jasho la Oktoba.

Kwa rizimu, yaani kusindikiza waimbaji, anza na Tortex ya njano, unene wa milimita 0.73. Ukihamia solo, panda 0.88 ya kijani au 1.14 ya zambarau. Hizo hazipindi sana, noti inatoka pale pale unapogusa uzi. Yangu ya njano ncha imeshakuwa butu, kwa hiyo naigeuza napigia bega lake, ile kona ya mviringo. Sauti inakuwa nzito, naipenda sana kwenye nyimbo za taratibu.

Bei isikutishe, hata nzuri ni rahisi kuliko seti ya nyuzi. Nunua moja moja za unene tofauti kwanza, pakiti baadaye.