Wasomaji Wanauliza: Nimeandika Miaka Mingi, Sasa Nifunge Blogu?

Tangu nitaje kwenye toleo lililopita kwamba nami ni mwanablogu wa siku nyingi, barua zenu zimeegemea huko. Nimechagua nne. Ya kwanza imenigusa zaidi, kwa hiyo mtanivumilia nikiijibu kwa urefu.

Shikamoo dada. Nilianza kublogu nikiwa chuoni. Enzi hizo ukiweka kitu asubuhi, ikifika jioni maoni yamejaa. Sasa naandika, zinapita wiki mbili na hakuna aliyesema hata "asante". Wenzangu wananicheka, wanasema blogu zilikufa zamani. Nifunge? – Niliyechoka

Marahaba. Kabla hujafunga, tuulizane kwanza wale waliokuwa wakikujazia maoni walikwenda wapi.

Wewe na mimi tuliingia kazi ikiwa imeshalainishwa. Justin Hall, Mmarekani aliyeanza kusimulia maisha yake mtandaoni mwaka 1994, alikuwa akitengeneza kila ukurasa kwa mkono. Blogger, huduma ya kuandikia blogu, ilipokuja mwaka 1999, mtu asiyejua lolote la kompyuta akaweza kuandika, kubonyeza na kusomwa. Mimi nilijiunga baada ya Google kuinunua mwaka 2003. Tulikuwa wachache, na tulisomana kwa zamu: ukitoa maoni kwangu leo, kesho nami nabisha hodi kwako. Pembeni mwa ukurasa kila mtu aliweka orodha ya blogu anazozipenda, na kuondolewa kwenye orodha ya mtu ilikuwa kesi. (Nina rafiki niliyenuniana naye mwezi mzima kwa sababu hiyo. Leo tunacheka.)

Kisha kulikuwa na Google Reader. Ilikusanya makala mpya za blogu zote unazozifuata na kukuwekea mahali pamoja, nawe unasoma bila kuzunguka. Ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na kwa maoni yangu pigo lile lilituumiza kuliko tulivyotambua wakati ule. Wasomaji wengi hawakutafuta programu nyingine ya kufanya kazi hiyo. Walikuwa tayari Facebook na Twitter, wakabaki huko. Mazungumzo nayo yakahama. Siku hizi mtu anasoma makala yangu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, watu arobaini wanabishana huko usiku kucha, na mimi kwangu kimya. Ukipima uhai wa blogu yako kwa maoni peke yake, unahesabu viti vya ukumbi ambao watu walishahama.

Sasa fungua takwimu za blogu yako. Usitazame za wiki hii. Tazama makala zako za zamani. Nitakwambia ya kwangu.

Sikio langu la kushoto halisikii tangu utotoni, nilipougua matumbwitumbwi. Miaka ya mwanzo ya blogu niliandika kuhusu hilo, makala fupi isiyo na mbwembwe. Nilieleza kwamba nikiingia mahali natafuta kiti cha pembeni, ukuta uwe kushoto na watu wawe kulia. Kwamba ukiniita barabarani nakusikia vizuri, ila sijui umeniitia wapi, kwa kuwa ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili. Kwamba kwenye kelele naitikia "eheee" kwa mambo ambayo sikuyasikia. Binamu yangu akaandika chini yake: "Kumbe ndiyo maana huitikii salamu zetu, tulidhani unaringa." Basi, ikaishia hapo. Makala nilizozitolea jasho, za siasa na za vitabu, ndizo zilizopigiwa makofi wakati ule.

Leo zile za siasa hazisomwi na yeyote, nami siwalaumu. Ya sikio inasomwa kila siku. Wanaifikia kwa kugugo: mama ambaye mtoto wake ameambiwa jana kwamba sikio moja halifanyi kazi, kijana anayeogopa usaili wa kazi. Wengine huniandikia barua pepe ndefu, za saa nane za usiku. Hawaachi maoni hadharani kwa sababu wanachouliza si cha hadharani.

Kwa hiyo kazi ninayokupa ni hii. Tafuta makala zako tano zinazosomwa zaidi na uzisome wewe mwenyewe. Viungo vya kwenda kurasa nyingine vilivyokufa virekebishe. Palipopitwa na wakati, ongeza aya chini, uiandike "Nyongeza" na tarehe yake. Usibadilishe maneno ya zamani kimyakimya: mtu aliyewahi kukunukuu asionekane mwongo. Baada ya hapo ukiona bado hamu haipo, acha kuandika, ni haki yako. Lakini kuacha kuandika na kufuta ni mambo mawili tofauti. Usifute.

Dada, miaka yote hiyo blogu imekulipa? – Mdadisi

Matangazo nimewahi kuweka. AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti, ilipoanza mwaka 2003 kila mwanablogu alipiga hesabu za utajiri, na wapo waliofanikiwa, hasa wenye wasomaji wengi mno au wanaoandika kuhusu vitu vinavyonunuliwa. Mimi naandika kuhusu masikio. Kilichonilipa ni kazi zilizokuja kwa sababu mhariri fulani alinisoma, ikiwemo safu hii. Ukitaka fedha za haraka, tafuta kazi nyingine.

Nimesikia kuna huduma za blogu zilizofungwa na watu wakapoteza kila kitu. Nijilindeje? – Mwenye hofu

Hofu yako ina msingi. GeoCities, iliyobeba kurasa za mamilioni ya watu, ilizimwa Oktoba 2009. Vox ikafuata mwaka 2010. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa Aprili 2013. Mara nyingi hutolewa taarifa na muda wa kuhamisha vitu vyako, lakini taarifa huja kwenye barua pepe, na wengi barua pepe ile waliyojisajilia hawaifungui tena. Anza hapo: hakikisha unaingia kwenye akaunti yako na neno la siri unalijua. Google yenyewe inajipa haki ya kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili.

Pili, pakua nakala. Blogger na WordPress, huduma nyingine ya blogu, zote zina sehemu ya kufanya hivyo, na utapewa faili lenye makala na maoni yake. Wengi hukwama kwenye picha: faili la WordPress hubeba anwani za picha, halibebi picha zenyewe. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu, ikizimwa, utabaki na maandishi yenye matundu. Picha zipakue peke yake. Kisha lifungue faili ulilopakua na ulitazame. Nakala ambayo hujaifungua usiiamini.

Tatu, kama uwezo upo, nunua kikoa chako, yaani anwani yenye jina lako mwenyewe. Ukihama huduma moja kwenda nyingine, wasomaji watakukuta palepale. Ila kikoa hulipiwa kwa kipindi, na ukisahau kukilipia mtu mwingine anaweza kukichukua.

Na ukitaka kujua kama kuna chako kilichookolewa bila wewe kujua, weka anwani ya blogu yako ya zamani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Nimekuta humo sura ya kwanza kabisa ya ukurasa wangu, maandishi ya njano juu ya weusi. Macho yaliuma.

Nilipojifungua nilianza kublogu malezi: picha, magonjwa, vituko vyote. Mtoto sasa ana miaka 14, wenzake wameziona, anataka nifute. Lakini ni kazi yangu ya miaka mingi, na wazazi wengi bado wanazisoma. Nifanyeje? – Mama wa mmoja

Futa, mama. Nimetoka kumwambia mwenzako asifute, najua. Ila yule hadithi ni yake. Za kwako nusu ni za mtu ambaye hakuulizwa, na sasa amefika umri wa kujibu.

Kaeni naye mpitie pamoja, yeye aamue. Huenda asiwe na shida na makala ya wewe kukosa usingizi, akataka ile ya kukojoa kitandani iondoke leo. Zinazoondoka, zihifadhi kwenye kompyuta yako kabla hujazifuta. Zitakuwa zake akizitaka. Nyingine unaweza kuziandika upya zibaki na ushauri wa malezi, bila jina lake wala sura yake.

Halafu fuatilia mabaki. Kwenye WordPress, kufuta makala hakufuti picha zake. Zinabaki kwenye maktaba ya picha na bado zinafunguka kwa mwenye anwani. Zifute huko pia. Google wana fomu ya kuomba matokeo ya utafutaji yaliyopitwa na wakati yaondolewe, na Internet Archive hupokea maombi ya mwenye tovuti kuondolewa kurasa zake. Picha ambazo wenzake wamekwisha kuzihifadhi kwenye simu hutaweza kuzifuata, na hilo umwambie wazi, asije akadhani umemficha.

Wazazi wanaokusoma waachie tangazo fupi kwamba baadhi ya makala zimeondolewa kwa ombi la mtoto mwenyewe. Wataelewa, na wengine, ninavyowajua wanablogu wa malezi, jioni hiyohiyo wataanza kupekua za kwao.