Usisubiri uhakika ndipo useme

Wewe unayeanza kazi na watoto, iwe wodini, darasani au katika ustawi wa jamii, utafundishwa dalili nyingi za ukatili. Zishike zote. Lakini kwa muda niliofundisha kazi hii, nimeona kwamba wengi wetu tunaona vizuri tu. Kinachotushinda ni kusema, kwa sababu tunasubiri uhakika. Kuthibitisha ni kazi ya wachunguzi. Wewe unadaiwa shaka yenye msingi, iliyoandikwa vizuri na kufikishwa mapema.

Anza na umri. Mtoto anayekimbia huanguka, na alama zake huwa magotini, kwenye miundi, kwenye paji la uso. Kichanga ambaye hata kujigeuza hajaweza atajigonga wapi? Alama ya kuvilia damu kwa mtoto wa chini ya miezi 4, hata ikiwa ndogo sana, inatosha kumfikisha kwa daktari siku hiyohiyo. Kwa walio chini ya miaka 4, kagua kiwiliwili, masikio na shingo, sehemu ambazo mchezo wa kawaida huziumiza kwa nadra. Kisha sikiliza maelezo: je, mtoto wa umri huu anaweza kufanya hicho kinachosimuliwa? Kama simulizi inabadilika kila mara, au mtoto ameletwa siku kadhaa baada ya kuumia, andika hivyo. Usikadirie jeraha ni la lini kwa kutazama rangi yake. Njia hiyo haiaminiki. Wapo pia watoto wanaozaliwa na mabaka ya samawati mgongoni na makalioni. Yajue, usije ukamtuhumu mzazi asiye na kosa.

Wengi wanaoteseka hawana alama yoyote mwilini. Anayeachwa bila chakula, bila matibabu, bila mtu wa kumwangalia, anaumizwa vilevile, na huyu ndiye tunayempita kirahisi kwa kusema ni umaskini tu. Umaskini unahitaji msaada, na msaada nao hauji bila mtu kutoa taarifa.

Mtoto akikufungukia, punguza maswali. “Nieleze ilivyokuwa” inatosha. Ukimuuliza “Ni baba aliyekupiga?” umeshamwekea jibu mdomoni, na ushahidi wake utatiliwa shaka baadaye. Usimwahidi siri. Mwambie amefanya vizuri kusema, kosa si lake, na kwamba utawaambia watu wanaoweza kumlinda. Yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, hata yasiyo na adabu, pamoja na tarehe na saa. Wala usimwite mtuhumiwa umhoji, maana huenda mtoto huyo analala naye nyumba moja usiku huohuo.

Taarifa ukishaitoa, andika jina la aliyeipokea na muulize hatua inayofuata ni ipi na lini. Wakikaa kimya, rudi kuuliza. Wakiendelea kukaa kimya, mfuate aliye juu yao.