Jalada la kitenge limeingia madoa

Swali: Nimeshona daftari la kuchorea, jalada nikalivika kitenge. Gundi imepenya ikaacha madoa, jalada limepinda, na kurasa zinachanika kwenye matundu ya uzi. Tatizo ni nini?

Jibu: Madoa kwanza. Gundi hupenya katikati ya nyuzi za kitenge, kwa hiyo usikipake chenyewe. Kifue kitoke wanga, kipige pasi, kisha paka gundi kwenye karatasi nyembamba, ilaze nyuma ya kitambaa na uiache ikauke usiku kucha. Ndipo ukibandike kwenye kadibodi.

Jalada hupinda kwa sababu gundi ikikauka huvuta upande mmoja. Bandika karatasi ndani pia, uligandamize kwa vitabu vizito saa 24.

Kurasa ndizo zenye maneno. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na A4 nyingi nyuzi zake hufuata urefu. Ukiikunja katikati unazivunja. Bora ununue shiti kubwa ukate mwenyewe, ili mkunjo ufuate nyuzi. Ipinde taratibu kila upande bila kuikunja: inakolegea zaidi ndiko pa kukunja.

Halafu mkono. Uzi ukivutwa kwenda juu hupasua tundu. Uvute sambamba na mkunjo. Toboa matundu 5 kwa msharasi (chuma chenye ncha kali cha kutobolea) kabla ya kushona, ya mwisho yakae sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Mkunjo wa sentimita 21 unataka uzi wa sentimita 55 hivi, uliopakwa nta. Uzi wa cherehani uache: ni mwembamba mno, hukata karatasi kama wembe.