Maswali ya Wasomaji: Wewe, Askari na Geti la Mkapa

SWALI: Mhariri, salaam. Tiketi ninayo, N-Card (kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani) ninayo, lakini kila siku ya watani, Simba na Yanga, askari wanatusukuma getini kama vibaka. Kosa letu nini? (Mwananchi wa Mbagala)

JIBU: Saa, ndugu yetu. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Mwongozo wa usalama viwanjani wanaoutumia Uingereza unakadiria kuwa mlango mmoja wa kuzunguka haupitishi zaidi ya watu 660 kwa saa, yaani mtu mmoja kila sekunde tano na nusu, na hapo pasiwe na wa kubishana. Sasa watu 30,000 wakibaki nje wanapiga soga mpaka imebaki saa moja mpira uanze, inahitajika milango 46 isiyosimama hata kidogo. Kadi moja ambayo tiketi haijaingia inakula nusu dakika. Nafasi ya watu watano imeshapotea. Walio nyuma hawaoni kilichokwama mbele, wanasukuma.

Wakishazidi watu watano kwenye mita moja ya mraba, miguu si yako tena, unabebwa. Askari aliye juu ya farasi anaiona hali hiyo kabla yako, ndiyo maana anaanza kurudisha watu wakati wewe unaona kila kitu shwari. Wapo wanaowahi rungu kuliko mdomo, na hao hatuwatetei.

Farasi wa polisi hukusukuma kwa ubavu. Rudi nyuma kwa hatua fupi, mikono kifuani ili upate pa kupumulia, na usimpige kofi wala kumpulizia vuvuzela sikioni. Usikae nyuma yake: teke lake halichagui Simba wala Yanga. Ukidondosha simu, iache. Anayeinama kwenye msongamano ndiye anayekanyagwa.

Ushauri wetu: hakikisha tiketi imeingia kwenye kadi tangu jana yake, na uwe umekaa kwenye kiti saa mbili kabla ya mpira. Jua la jukwaa la mzunguko ni kali, tunajua.

SWALI: Bomu la machozi likipigwa karibu yangu nikiwa na mtoto, nikimbilie wapi? (Mama Mnyama, Temeke)

JIBU: Dada, usikimbie. Angalia moshi unaelekea wapi, kisha tembea kukata upepo, pembeni, si kuufuata. Gesi ile hushuka na kutambaa chini, kwa hiyo mbebe mtoto begani. Msifikiche macho, mwoshe kwa maji safi mengi, kichwa kiinamishwe pembeni ili maji yasitiririkie jicho la pili. Dawa ya meno usoni ni hadithi za vijiweni. Nguo zilizoshika gesi zivuliwe kabla ya kupanda daladala.

Kanuni za FIFA za usalama zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanya watu ndani ya uwanja, na sababu yake inajulikana. Accra, 9 Mei 2001, polisi walipiga mabomu kuelekea majukwaani huku milango imefungwa, walikufa 126. Malang, Indonesia, 1 Oktoba 2022, walikufa 135. Wengi waliuawa na msongamano kwenye milango walipokuwa wakiikimbia gesi. Ndiyo maana ukikaa tu kwenye kiti, kabla ya kuuliza kikosi kinachoanza, tafuta kwa macho njia mbili za kutokea. Ile uliyoingilia ndiyo itakayojaa kwanza.

SWALI: Rafiki yangu alikamatwa baada ya mechi, wakasema amevunja kiti. Nimsaidieje? (Kijana wa Tandika)

JIBU: Kwanza jua kapelekwa kituo gani, usidhani ni Chang'ombe kwa kuwa kipo jirani. Fika kaunta ukiwa mtulivu, jezi umevaa shati juu yake, uliza tuhuma ni ipi na mpelelezi ni nani. Sheria inataka mtuhumiwa aambiwe sababu ya kukamatwa, na isipite saa 24 bila kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana, isipokuwa kwa makosa makubwa. Nenda na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa wa mdhamini. Dhamana ya polisi ni bure. Ukiombwa "ya soda", omba kuonana na mkuu wa kituo.

Kama kaumizwa, omba PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, palepale. Damu ikiwa inatoka, hospitali kwanza, fomu itafuata. Piga picha majeraha siku hiyohiyo, andika saa, geti na namba ya askari kama ilionekana. Malalamiko yaende kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala ubaki nayo. Yakikwama, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Na kama kweli kakivunja? Baada ya vurugu za mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, 15 Desemba 2024, viti vilivyoharibiwa vilihesabiwa 256, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaifanya Simba icheze na CS Constantine ya Algeria Januari 2025 bila mashabiki. Mwambie asimdanganye wakili wake.