Benki au utafiti wa usalama wa kompyuta?

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue ile kazi ya benki hapa Kampala au ubaki Makerere usome uzamili, uje kuwa mtafiti wa usalama wa kompyuta. Benki itakulipa mapema, hilo halina ubishi. Ila kule utalinda mfumo wa mwajiri na kufunga mdomo. Chuoni unachagua swali lako na kuchapisha majibu.

Na maswali yapo tele. Chukua pesa za simu: mtu anabonyeza USSD, zile namba za nyota na reli, kwenye kitochi chake, namba ya siri inasafiri bila kusimbwa, yaani kugeuzwa isisomeke na wengine, mwanzo hadi mwisho. Tapeli naye akihamishia laini yako kwenye kadi nyingine ya simu, meseji za uthibitisho zinamfikia yeye.

Lakini usijaribu kwenye mfumo wa watu bila idhini ya maandishi! Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaadhibu kuingia bila ruhusa, na "nilikuwa natafiti" si kinga. Fanyia mazoezi kwenye mashine zako mwenyewe.

Kabla hujaikataa benki, muulize msimamizi wako nani atalipa ada. Akibabaika, chukua kazi, usome jioni.