Nembo ya Burns si ya kila Burns

Tangu nilipogusia hapa muhuri wa Robert Burns, mshairi wa Uskoti aliyezaliwa Alloway mwaka 1759, maswali kuhusu nembo hayajakatika. Nimechagua haya.

Jina la ukoo la mume wangu ni Burns, na asili yao ni Glasgow. Nimenunua picha ya fremu iliyoandikwa "nembo ya ukoo wa Burns". Ni yake? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, dada. Uskoti hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo ni mali ya mtu mmoja, mfano wa kiwanja chenye hati, na kuitwa jina moja na mwenye kiwanja hakukupi ruhusa ya kujenga humo. Mwenye nembo akifa, mrithi mmoja ndiye huichukua kama ilivyo. Wengine wote, hata watoto wa tumbo moja, wakitaka yao huomba waandikiwe ile ile ikiwa na tofauti, mara nyingi pindo la rangi kuzunguka ngao. Picha itundikeni ukutani kama pambo. Asiichonge kwenye pete wala kuichapa kwenye karatasi za barua kana kwamba ni yake.

Burns mwenyewe alikuwa na nembo kweli? Nilijua alikuwa mkulima. (Msomaji, Morogoro)

Mkulima, kisha kuanzia 1789 akawa ofisa wa ushuru, na nembo aliibuni mwenyewe. Tarehe 3 Machi 1794 alimwandikia rafiki yake Alexander Cunningham kwamba amepoteza muhuri aliopewa na rafiki aliyekwisha kufariki, jambo lililomuudhi sana, na kwamba amepata jiwe dogo la nyanda za juu za Uskoti ambalo angependa lichongwe muhuri mwingine. Halafu akaueleza mchoro kwa lugha ya wataalamu wa nembo, kazi aliyojivunia kuifahamu kidogo. Uwanja wa ngao ni samawati. Chini kuna kichaka cha holi, mti wa miiba na vitunda vyekundu. Juu yake filimbi na fimbo ya mchungaji zimepishanishwa. Kileleni, nje ya ngao, ndege mdogo mwimbaji ametua kwenye kitawi cha loreli, majani waliyovikwa washairi wa kale.

Maneno aliyochagua ni ya namna mbili. Juu aliweka maneno yenye maana ya nyimbo za mwituni. Chini akaweka methali ya Kiskoti: heri kichaka kidogo kuliko kukosa pa kujisitiri. Msomaji wa pwani ataelewa upesi, kwani maneno hayo yanafanya kazi ya jina la kanga. Ndipo ngao inaposema. Na Burns alikuwa na la kusema. Baba yake, William Burnes, alikodi mashamba kwa miaka mingi, akafa mwaka 1784 akiwa amechoshwa na kesi kati yake na mwenye shamba. Mtoto wa mtu huyo alijua kukosa pa kujisitiri ni nini. Kila nikiusoma mchoro ule, kichaka cha holi hunigusa kuliko ndege.

Katika barua hiyo hiyo anakiri hajui kama jina lake limewahi kuandikishwa kwa wasimamizi wa nembo. Anasema kwa kuwa nembo ameibuni mwenyewe, atakuwa mkuu wa jina hilo, na angestahili hata wabebaji, wale wanaosimama kando ya ngao kama simba wawili wa nembo ya Kenya. Lakini kwenye muhuri hatawaweka. Alifariki Dumfries tarehe 21 Julai 1796 bila kuiandikisha.

Rafiki yangu yuko Toronto, na ni wa uzao wa mtu maarufu wa Uskoti wa karne ya 18. Aanzie wapi kuandikisha nembo ya babu yake? (Msomaji, Kampala)

Aanze na kitabu kabla ya mchoro. Nembo zote halali za Uskoti huandikwa katika Rejista ya Umma iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1672, inayotunzwa Edinburgh na Mahakama ya Lord Lyon, ofisa mwenye mamlaka juu ya nembo zote za Uskoti. Kurasa za zamani hutafutwa kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Akimkuta babu humo, kazi ni kuthibitisha uzao kizazi kwa kizazi: vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo kuanzia 1855, na kabla ya hapo vitabu vya parokia, ambavyo vina mapengo. Kisha anapeleka ombi kwa Lord Lyon, analipa ada, na anaandikiwa nembo yenye tofauti inayoonyesha nafasi yake katika uzao.

Asipomkuta, hakuna cha kurithi, hata kama babu alipiga muhuri maisha yake yote. Hapo ombi ni la nembo mpya, na Lord Lyon amewahi kutoa nembo kwa kumbukumbu ya marehemu kwa ombi la wazao. Wasiwasi wangu ni watu wanaomlipa mchoraji kwanza. Jasho lote liko kwenye vyeti.

Lord Lyon anaweza kumfanya mtu nini? (Msomaji, Arusha)

Ni mahakama kamili, yenye mwendesha mashtaka wake. Sheria ya 1672 inataja faini na kutaifishwa kwa vitu vilivyochorwa nembo isiyo halali. Ayr United, klabu ya mpira ya mji ulio jirani na Alloway, ililazimika kuacha nembo yake ya miaka mingi na kuchora nyingine.

Binti anaweza kurithi? (Msomaji, Zanzibar)

Ndiyo, pasipo na mtoto wa kiume.

Jirani yangu Mskoti huvaa bizimu yenye mnyama ndani ya mkanda wa duara. Naye anavunja sheria? (Msomaji, Nairobi)

La. Mnyama yule ni wa chifu wa ukoo wake, na mkanda unamtangaza jirani yako kuwa mfuasi, ruhusa waliyo nayo wanaukoo wote. Mtazame kofia. Manyoya matatu ya tai huvaliwa na chifu mwenyewe. Mwenye nembo yake iliyoandikishwa huvaa moja. Mfuasi havai hata moja.